Pikipiki ya Mkononi: Kuijua Si Kuizoea

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata mtu mwenye nguvu zake, akifika ugenini, hupewa kwanza nafasi ya kupumzika, na mwenyeji naye hupata nafasi ya kumtazama alivyo, kabla hawajaongozana kwenda shambani. Leo nataka tuitumie methali hiyo kwa mgeni wa aina nyingine. Mgeni huyu anaingia katika nyumba nyingi za mijini na vijijini, lakini yeye hapewi hata hizo siku mbili. Namsema pikipiki iliyonunuliwa mkononi. Inafika jioni, majirani wanaizunguka na kuisifu, na kesho yake alfajiri iko kijiweni inatafuta abiria.

Nitaizungumzia kwa mfano wa Karatu, na nina sababu mbili. Kwanza, huko ndiko nilikonunua pikipiki yangu mwenyewe. Pili, Karatu ni mahali pasipoweza kuficha kasoro ya chombo. Mji huo uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara ya lami inayotoka Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kwenda mpaka lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro. Baadhi ya watalii wanaokwenda kreta huuona mji huu kupitia dirisha la gari kwa dakika chache tu. Wenyeji wa Rhotia, Endabash, Oldeani, Mbulumbulu na Mang'ola wao huufikia kwa pikipiki. Gunia la vitunguu, dumu la maziwa, mwalimu anayewahi kipindi, mgonjwa anayewahi hospitali, wote hao hupanda chombo hicho hicho.

Na njia zenyewe zina mitihani yake. Udongo wa huko ni mwekundu. Kiangazi unakuwa vumbi laini kama unga, na masika unateleza kama sabuni iliyolowa. Miezi ya Juni na Julai asubuhi ni za baridi, na ukungu hushuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hata usiione nyumba ya jirani. Pikipiki iliyokuwa ikitembea vizuri kwenye lami ya tambarare kule Tanga au Dar es Salaam, ikifika Karatu inaanza kusema yote iliyokuwa imeyanyamazia.

Huenda wewe unayenisikiliza ni mtu wa mjini, na unajiuliza haya yanakuhusu nini. Yanakuhusu, ndugu yangu. Wako watu wengi wenye kazi zao mijini ambao hununua pikipiki iliyotumika, wakampelekea mpwa au mdogo wao nyumbani, na kumwambia, "Chukua, utaniletea hesabu kila siku." Basi endelea kunisikiliza.

Mashine niliyoinunua ni ndogo, ya sisi 125, ya mipigo minne. Aliyeniuzia alikuwa ameitumia kwa miaka kadhaa. Kadi ilikuwa na jina lake, na namba ya injini na ya chesisi zililingana na zile za kwenye kadi. Hilo ni jambo la kwanza kabla ya kutoa hata shilingi moja, kwa sababu pikipiki isiyolingana na kadi yake inaweza kukupeleka polisi badala ya kukupeleka sokoni. Injini niliikuta ya baridi, na hilo nalo nililitaka. Ukikuta muuzaji amekwisha kuipasha moto kabla hujafika, muulize kulikoni, maana injini ya moto huwaka kwa urahisi na huficha mengi.

Kilometa zilizosomeka kwenye mita zilikuwa chache. Lakini mpira wa kiki ulikuwa umelika hata chuma kikaonekana, na mipira ya kukanyagia miguu ilikuwa laini kama sahani. Waya wa mita unaweza kukatika, au ukakatwa, mita ikalala mwaka mzima. Mpira unaokanyagwa kila siku hauna namna ya kulala. Ukitaka kujua umri wa kazi ya pikipiki, tazama mahali miguu na mikono ya watu inapogusa.

Tulipomaliza kuandikiana, yule bwana alinipa maelekezo. Akasema, "Mzee, ikikata moto kilimani usiogope, ilaze kushoto kidogo halafu piga kiki. Ukitaka fri, itafute kabla hujasimama kabisa. Na breki ya mbele usiitegemee sana, mimi natumia ya nyuma. Ukishaizoea, utaipenda."

Nilimshukuru, nikaenda nayo moja kwa moja kwa fundi. Huyu ni kijana anayefanyia kazi chini ya mti, spana zake zikiwa zimepangwa juu ya gunia. Akaniamkia, nikaitikia, nikamweleza yote niliyoambiwa. Akaizungusha mara moja uwanjani, akarudi, akaizima, akafikiri kidogo.

"Mzee," akasema, "hapa kuna vitu vitatu. Kuna tabia, kuna ugonjwa, na kuna mazoea ya yule aliyekuuzia. Tabia utaishi nayo. Ugonjwa tutautibu. Mazoea yake usiyachukue."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo yanatosha kuwa somo la leo, nami nitayafafanua tu.

Tuanze na tabia. Kwa nini pikipiki yangu inakata moto, na ukiilaza kushoto inakubali? Tangi la mafuta limekalia chuma cha katikati kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Kwa hiyo chini yake lina mifuko miwili, wa kulia na wa kushoto, na koki ya mafuta iko upande mmoja tu. Kwa pikipiki yangu ni kushoto. Mafuta yakipungua sana, yale yaliyobaki mfuko wa kulia hayawezi kuruka ule mgongo yafike kwenye koki. Ukiilaza kushoto yanavuka, nawe unapata kilometa chache zaidi. Hapo hakuna uchawi wala ubovu. Ni umbo la tangi. Lakini angalia tabia hiyo ilivyonifunulia jambo jingine: mwenye nayo alikuwa akitembea siku zote na tangi lililokaribia kukauka, akinunua mafuta ya chupa moja moja. Na uchafu wa tangi hukaa chini. Anayetembelea mafuta ya chini kila siku hunywesha kabureta yake takataka. Tulipoifungua kabureta tukazikuta.

Tabia nyingine inatokana na mahali penyewe. Injini haili petroli peke yake, inakula petroli na hewa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Pale Karatu msukumo wa hewa umepungua kwa kiasi cha sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako ni kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, umepungua kwa karibu robo. Kabureta ya kawaida haina habari kwamba imehamia milimani. Inaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo kile kile ilichowekewa pwani, wakati hewa ni pungufu. Matokeo yake injini inakuwa kama mtu aliyeshiba kupita kiasi: inakuwa nzito, inakula mafuta mengi, na ukiachia resi baada ya kilima kirefu inazima.

Fungua plagi, nayo itakueleza. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya udongo, kama chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi au hewa haipiti. Ikiwa imelowa oili, kuna oili inayopenya kwenda inakochomwa petroli. Ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa joto kwa sababu mafuta hayatoshi. Yangu ilikuwa nyeusi. Fundi hakukimbilia kuisingizia milima. Alitoa kichujio cha hewa, akakigonga chini, na vumbi jekundu likamwagika kama unga unaochekechwa. Basi kumbe tabia ya mahali ilikuwa imechanganyika na ugonjwa wa kutotunzwa. Tukasafisha kichujio, tukarekebisha skurubu ya hewa, na ile nusu ya uzito ikaondoka. Nusu iliyobaki ni ya milima, nami naishi nayo.

Moshi nao ni lugha. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ukitoka unapoongeza resi kupanda, shuku ringi za pistoni, ukitoka unapoongeza resi baada ya mteremko mrefu, shuku sehemu za valvu. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi, unaopotea injini ikipata moto, ni maji tu, usimlipe mtu fedha kwa sababu ya huo.

Sasa ile fri isiyopatikana pikipiki ikisimama. Muuzaji aliiona kuwa tabia. Fundi alisema ni ugonjwa, na alikuwa sahihi. Klachi ilikuwa haiachii yote, waya wake umelegea. Kuukaza ilikuwa kazi ya dakika tano. Ingekuwa bado inang'ang'ania, tungefungua tutazame sahani za klachi na aina ya oili iliyotiwa, kwa sababu katika pikipiki nyingi za namna hii oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoogesha klachi. Oili iliyotengenezwa kwa ajili ya magari madogo inaweza kuifanya klachi iteleze. Kwa hiyo mwenye pikipiki asiseme oili ni oili tu.

Kuna jambo moja ambalo si tabia ya pikipiki yangu wala ugonjwa, lakini ni hatari kwa kila anayebadili chombo. Mpangilio wa gia haufanani. Ziko pikipiki ambazo gia ya kwanza iko chini na zilizobaki unainua juu. Ziko ambazo zote unakanyaga mbele. Kijana aliyeendesha moja kwa miaka mitano, mguu wake umekwisha kukariri. Mpe nyingine leo, umtume ateremke kilima. Atakapotaka gia nzito ya kumshikilia, mguu utampa nyepesi ya kumkimbiza. Ndiyo maana nasema siku za kwanza ziwe za kujifunza pasipo abiria, mahali pa wazi, mpaka mguu usahau ya zamani.

Hayo yote ni madogo ukiyalinganisha na neno moja alilolisema muuzaji kwa upole kabisa: breki ya mbele usiitegemee sana.

Nilimwuliza fundi, "Na hiyo je, ni tabia?" Akatikisa kichwa. "Hapana mzee. Hiyo ilikuwa ugonjwa mdogo. Mwenye nayo akauzoea."

Unapofunga breki, uzito wote wa pikipiki, wako, wa abiria na wa gunia, unasukumwa mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kusimamisha chombo ni ya breki ya mbele. Anayeendesha kwa breki ya nyuma peke yake anatumia ile dhaifu, na akiibana kwa nguvu kwenye changarawe au matope, gurudumu linaserereka naye anakwenda chini. Yule bwana alikuwa ameizoea hali hiyo. Alijua aanze kupunguza mwendo wapi, alijua mguu aukanyage kiasi gani, na kwa miaka yake yote alifika salama. Lakini ujuzi huo ulikuwa mwilini mwake. Haukuandikwa kwenye kadi, na hauuzwi pamoja na pikipiki.

Sasa ifikirie pikipiki hiyo mikononi mwa kijana mgeni nayo, anatoka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Ni mwendo usiofika kilometa 30, lakini ndani yake anateremka kiasi cha mita 500, na sehemu kubwa ya mteremko huo ni ule ukingo wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, Ziwa Manyara likionekana chini. Nyuma yake amempakia mama mwenye mtoto. Na kwa kuwa mafuta ni ghali, anafanya wanavyofanya wengi: anaweka fri, anazima injini, anaiachia iserereke yenyewe. Hapo amejinyima msaada wa injini, ambayo ikiwa katika gia nzito huushikilia mwendo bila kuchoka. Mzigo wote umebaki kwa breki, na breki za ngoma zikibanwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto nguvu zake hupungua. Ya mbele haishiki, ya nyuma imechoka, na basi la abiria linapanda kutoka chini. Yule mama hakuambiwa kwamba breki ya mbele haitegemewi. Yeye alipatana nauli tu.

Viatu vya breki vilikuwa vimekwisha. Vipya, pamoja na ufundi, vilinigharimu chini ya mafuta yangu ya juma moja.

Kwa nini basi mtu akae na ugonjwa wa bei ndogo hivyo kwa miaka? Nadhani ni kwa sababu pikipiki hizi ni vyombo vyenye kusamehe sana. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake waliitengeneza wakizifikiria nchi kama zetu, ambako chombo hubebeshwa mzigo mkubwa, hupita njia mbaya, na hakionani na fundi mpaka kizime. Wakaipa injini sahili na ngumu, na cheni wakaifunika isile vumbi. Viwanda vya China baadaye vikatengeneza injini za mtindo huo kwa wingi mno, na watoto na wajukuu wake wamejaa katika barabara zetu. Ni sifa kubwa kwa chombo kuvumilia hivyo. Lakini uvumilivu huo ni wa injini. Injini husamehe kucheleweshewa oili, ikaendelea kuwaka. Breki, tairi na cheni havina moyo huo. Nasi tunaona injini inawaka, tunasema pikipiki ni nzima.

Nirudi kwako wewe tajiri wa mjini. Tangu Kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, kubeba abiria kwa bodaboda ni biashara inayotambulika kisheria. Iliyosimamia wakati huo ilikuwa SUMATRA, na tangu 2019 kazi hiyo ni ya LATRA. Sheria inadai leseni, inadai kofia ngumu. Lakini hakuna kanuni inayokulazimisha umpe kijana wako siku za kuifahamu pikipiki kabla hujamdai hesabu. Hilo limeachwa kwenye utu wako na kwenye akili yako ya biashara.

Ukimdai hesabu kuanzia kesho, umemfundisha kuzoea. Akisikia mlio mpya, atauzoea, kwa sababu kusimama kwa fundi ni kukosa hesabu ya leo. Usukani ukianza kutikisika, ataushika kwa nguvu zaidi, badala ya kuinua gurudumu la mbele na kuangalia kama bearing za kichwa zimelegea. Cheni ikining'inia, ataiacha mpaka iruke. Ziba ufa usije ukajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini anayedaiwa kila jioni hana muda wa kuziba ufa. Mwisho wake umepoteza pikipiki, na mungu apishe mbali, umepoteza na mtoto wa dada yako.

Mpe majuma mawili bila hesabu. Siku ya kwanza aende nayo kwa fundi, siyo kwa kuwa imeharibika, bali kwa kuwa ni ngeni. Wabadilishe oili, kwa sababu hakuna ajuaye ile iliyomo ina umri gani. Watazame meno ya sproketi; yakiwa yamepinda kama ndoana, cheni na sproketi vyote vimekwisha. Cheni iachwe na mchezo wa sentimeta mbili au tatu, kama kitabu chake hakielekezi vingine. Kisha awe na daftari. Ajaze tangi, aandike. Arudi kutoka safari ya umbali unaofahamika, ajaze tena, aandike amekula kiasi gani. Akipata mlio, aandike ulitokea wapi: kupanda, kuteremka, ya baridi au ya moto. Ajaribu breki kila moja peke yake, bila abiria, mahali pa tambarare. Baada ya majuma mawili atakuwa na orodha yake mwenyewe, na pembeni ya kila jambo ataweza kuandika: tabia, au ugonjwa. Asiruhusu safu ya tatu.

Na siku utakapoiuza, ndugu yangu, kwani nayo itauzwa tena, mpe mnunuzi daftari hilo. Usimwambie "utaizoea." Mwambie, hii hapa inakata moto mafuta yakipungua, na hii hapa niliitengeneza mwezi fulani. Utapunguza labda shilingi elfu chache katika bei. Lakini kuna mtu ambaye humjui, atakayekaa nyuma ya pikipiki hiyo akiteremka ukingo ule kuelekea Mto wa Mbu, na yeye hatakuwepo wakati mnapatana bei. Ni juu yako kumsemea.

Ndugu msikilizaji, nakutakia safari njema, uwe mbele ya usukani au nyuma yake.